Chumba na chai Mwanza: gesti za kawaida, kuanzia ninayoipendekeza hadi ya kuepuka

Kabla hujauliza bei ya chumba Mwanza, jiulize kesho saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa uwe wapi. Mji huu umebanwa kati ya maji na mawe, na barabara kubwa za kutokea ni tatu tu. Ya Kenyatta inashuka kusini hadi Nyegezi na Usagara. Ya Nyerere inakwenda mashariki kupitia Buzuruga na Nyakato hadi Kisesa. Ya Makongoro inapanda kaskazini kupitia Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege wa Ilemela. Asubuhi zote tatu zinajaa daladala, bajaji na wanafunzi. Chumba cha bei poa kilicho upande usio wako kitakula akiba yako yote kwa nauli za bodaboda, na bado utachelewa.

Naandika kwa ajili ya Mtanzania wa kawaida: anayekuja kuuguza Bugando, kufuata dagaa Mwaloni, kumpeleka mtoto chuo, kuvuka kwenda Ukerewe, au kutembea tu na mwenzi wake siku mbili tatu. Mtu wa namna hii anataka kitanda safi, maji, usingizi na chai ya asubuhi, na hapendi kuvuka shilingi 70,000 kwa usiku. Kwa makadirio ya sasa, chumba cha choo cha nje kinapatikana kwa 10,000 hadi 20,000. Chumba self chenye feni ni kati ya 25,000 na 40,000. Ukitaka kiyoyozi na chai ndani ya bei, jiandae kwa 45,000 hadi 70,000.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wenye lodji hawatalipenda: Mwanza usilipie kiyoyozi kama mfuko unabana. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake usiku unatosha. Feni nzima na dirisha lenye wavu usiotoboka vitakulaza vizuri karibu mwaka mzima, na Juni na Julai utaomba blanketi. Ile 15,000 uliyookoa iweke kwenye vitu viwili vyenye maana zaidi: maji na eneo.

Kwanza maji, kisha kitanda

Maji nayaweka mbele ya televisheni, mbele ya intaneti, hata mbele ya chai. Mgeni hushangaa kwamba mji uliokaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika unaweza kukauka bombani. Inua macho uone nyumba zilivyopanda mawe, utaelewa. Maji huvutwa ziwani, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani, ndipo yashuke mitaani. Umeme ukikatika au msukumo ukipungua, wa juu ndio wa kwanza kukosa. Mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, umekisaidia sana chanzo cha zamani cha Capri Point, lakini simtanki la kutosha bado ndilo tegemeo la mgeni.

Kwa hiyo usikubali chumba kwa kuangalia shuka tu. Ingia bafuni, fungua bomba la sinki na la kuogea kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Bomba likianza kukohoa, uliza simtanki ni la lita ngapi na linahudumia vyumba vingapi. Ukikuta pipa limejaa maji safi, limefunikwa, na kopo liko juu ya mfuniko, usikunje uso. Mwenye nyumba huyo anajua mtaa wake. Hita ya ukutani nayo iwashwe mbele yako, maana nyingi ziko pale kama pambo. Kama hakuna hita, uliza ndoo ya maji ya moto inaletwa saa ngapi na kama inalipiwa.

Halafu kitanda. Washa tochi ya simu, inua kona ya godoro upande wa kichwani, fuata mshono taratibu kwa kidole. Vidoa vidogo vyeusi kama nukta za kalamu, au maganda mepesi ya rangi ya kahawia, ni kunguni. Angalia pia ufa kati ya ubao wa kitanda na ukuta. Ukiviona, shukuru, ondoka; usikubali kubadilishiwa chumba ndani ya nyumba ile ile, kwa sababu kunguni hupita kutani na kwenye mizigo, na utawabeba hadi kwako.

Neti ishushwe kabla hujalipa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi nchini, na mbu anayeileta huuma usiku. Neti ya pembe nne inayofika chini ya godoro pande zote ni bora kuliko ile ya duara inayoning'inia katikati na kukugusa mkono ukilala. Ikiwa na tundu la kupitisha kidole, omba nyingine. Vile vidudu vidogo vya ziwani vinavyokuja kama wingu jioni, hasa siku za mwezi mchanga, haviumi, ila vinafuata taa. Zima taa ya chumbani kabla hujafungua mlango, na chagua dirisha lisilotazama balbu kubwa ya getini.

Ya kwanza: nyumba ndogo inayosimamiwa na mwenyewe

Chaguo langu la kwanza ni gesti ya vyumba sita hadi kumi na viwili ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo au jirani kabisa. Zitafute sehemu za chini za Isamilo, Kitangiri, Pasiansi na njia ya Bwiru. Nyingi hazina bango kubwa, na huzipati kwa dalali wa stendi. Unazipata kwa kuuliza mtu anayeishi Mwanza, au kwa kuzunguka na bajaji kabla jua halijazama.

Kinachozipandisha hadi juu ni uwajibikaji. Taa ikiungua, unamwambia mtu ambaye ndiye ataamua kununua nyingine. Ukirudi saa tano usiku, getini yupo kijana anayekujua kwa sura. Na chai inapikwa jikoni, haitolewi kwenye chupa iliyoachwa tangu jana.

Chai ya nyumba hizi inastahili kuongelewa. Hoteli kubwa zitakupa mkate wa sukari, soseji na juisi ya boksi. Hapa utapata chapati mbili zilizotoka kikaangoni, yai, kipande cha kiazi kitamu au mhogo wa kuchemsha, na chai ya maziwa iliyochemka pamoja na majani na tangawizi. Ukibahatika na mama wa Kisukuma anayejivunia kwao, atakuwekea kibakuli cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa hadi vikawa vigumu na vitamu kama tende, ulie na karanga. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, huliwa zaidi ikiwa imepikwa na karanga za kusaga. Ukiona vitu hivi mezani, usiviache; havipatikani kwa urahisi kila mahali.

Hapa pana kitu kinachowakwaza wengi, nacho ni chai ni ya wangapi. Bei ya chumba huwa ya chumba, lakini chai mara nyingi ni ya mtu mmoja. Ulizeni mkiwa bado mapokezi. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Mko wangapi?"

"Wawili, mimi na mdogo wangu. Chai iko ndani ya bei?"

"Ipo, ya mmoja. Wa pili anaongeza elfu tatu."

"Na kesho tunatoka saa kumi na moja alfajiri, mama, kabla ya chai."

"Basi nitawafungia chapati usiku huu huu, na chai mtaikuta kwenye chupa. Mlinzi nitamwambia."

Jibu hilo la mwisho ndilo linalokuonyesha nyumba yenyewe. Mapokezi yanayokujibu "chai inaanza saa moja" na kunyamaza hayajakukatalia chai tu. Yamekuambia pia kwamba alfajiri utagonga geti peke yako.

Upungufu wake ni huu: intaneti huwa ya kusuasua, maegesho ya gari ni finyu, na Isamilo kuna kupanda. Mzee mwenye magoti mabovu asipelekwe nyumba ya juu mlimani hata kama mandhari ya ziwa ni ya kupendeza kiasi gani. Akitaka ziwa, mpeleke jioni karibu na kivuko cha Kamanga, aone Jiwe la Bismarck lilivyosimama majini. Ni tambarare, na ni bure.

Ya pili: hosteli za mashirika ya dini

Makanisa na taasisi za dini zina nyumba za wageni Mwanza, na kwa usafi na utulivu ni vigumu kuzishinda. Vyumba havina mapambo: kitanda, meza, kiti, neti, labda msalaba ukutani. Shuka zimepigwa pasi. Chai ni ya saa maalumu na inatosha. Wageni wa dini nyingine wanapokelewa, na kwa mwanamke anayesafiri peke yake, au binti anayekuja kuanza chuo, ningeiweka namba moja bila kusita.

Masharti yake yaheshimuni kabla ya kulipa. Geti hufungwa mapema, pombe hairuhusiwi, na wanaume na wanawake wasio wanandoa hawalali chumba kimoja. Anayefika na basi la usiku apige simu mapema aulize kama atafunguliwa, maana mlinzi hana ruhusa ya kuamua. Tatizo jingine ni kwamba hujaa kwa semina. Kundi moja la walimu au watawa linaweza kuchukua nyumba nzima kwa wiki.

Kwa anayeuguza Bugando

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hawa ndio wageni wengi wa Mwanza wasioonekana kwenye picha za utalii. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Watu wanatoka Kagera, Mara, Simiyu, Geita na Shinyanga wakiwa na mgonjwa, hawajui watakaa siku tatu au mwezi mzima. Kwa mtu huyu mpangilio wangu wote unabadilika.

Achague umbali wa kutembea kwa miguu, hata kama chumba ni cha choo cha nje. Atapanda na kushuka kilima kile asubuhi kupeleka uji, mchana kufuata majibu, jioni kupeleka chakula. Nauli ndogo ndogo zikijumlishwa kwa wiki mbili zinalingana na kodi ya chumba. Gesti za mitaa inayoizunguka hospitali zinawajua wageni wa aina hii, na nyingine zina jiko ambalo mgeni anaruhusiwa kuchemshia uji. Hilo ni la kuuliza waziwazi: "Naweza kumpikia mgonjwa wangu?" Kama wanakubali, chumba hicho kina thamani kuliko chenye chai ya bure na televisheni.

Jambo la pili ni bei ya muda mrefu. Usilipe siku kwa siku kimya kimya. Siku ya kwanza lala kwa bei iliyopo, siku ya pili mwone mwenye nyumba, si mhudumu, mweleze kwamba una mgonjwa na huenda ukakaa wiki. Wengi watapunguza. Omba bei ya wiki, lakini lipa kwa siku mbili mbili, kwa sababu mgonjwa anaweza kuruhusiwa ghafla, na pesa iliyokwishalipwa ni ngumu kurudishwa. Muelewane pia kuhusu anayepokezana nawe: ndugu akija kuchukua zamu, je, anaandikishwa kwenye chumba kile kile au anatozwa upya?

Na jamani, anayeuguza naye alale. Watu hukaa kwenye viti vya wodi usiku kucha kwa kuona aibu kutumia pesa ya chumba wakati mgonjwa anahitaji dawa. Kitanda cha elfu kumi na tano karibu na hospitali ni sehemu ya matibabu, kwa sababu akianguka muuguzaji, mgonjwa anabaki bila mtu.

Ya tatu: lodji za katikati ya mji

Mitaa ya katikati, kutoka maeneo ya Posta hadi upande wa stesheni ya reli iliyofika mjini hapa mwaka 1928, imejaa lodji za ghorofa tatu nne. Ukifuata bidhaa, ukisubiri meli ya Nansio kule Ukerewe, ukiwa na shughuli ofisi za mkoa au Hospitali ya Sekou Toure, hapa unatembea kwa miguu na unaokoa muda. Kwa mfanyabiashara wa usiku mmoja ningeipandisha hadi ya kwanza.

Zimeshuka hadi ya tatu kwa sababu ya kelele na chai. Vyumba vya mbele vinapokea honi, muziki wa maduka na wapiga debe tangu kabla ya mapambazuko. Omba chumba cha nyuma, ghorofa ya pili au ya tatu. Usipande juu zaidi bila kuuliza kama maji yanafika huko. Epuka chumba kisicho na dirisha la nje. Vipo vinavyofungukia korido, na joto la ndani yake halitolewi na feni. Chai ya lodji nyingi za hapa ni chupa ya maji ya moto na mkate. Ukiona hivyo, omba bei ya chumba bila chai, kisha nenda ukanywe supu kwenye mgahawa wa jirani. Supu ya sato yenye ndimu na pilipili, na chapati moja, itakushika hadi mchana.

Wa Bukoba kwa meli hahitaji hata chumba cha usiku: kwa desturi meli za huko huondoka usiku na kufika asubuhi, kwa hiyo daraja lenye kitanda ndilo gesti yako. Wa Ukerewe aulize ratiba ya Nansio siku moja kabla, bandarini kwenyewe.

Ya nne: lodji za stendi

Jua stendi yako. Mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma, Shinyanga na Geita yanatumia Nyegezi, kusini. Ya Musoma, Sirari na upande wa Mara yanatumia Nyamhongolo, mashariki. Kulala Nyegezi wakati basi lako linatoka Nyamhongolo ni kujitafutia safari ya mji mzima gizani.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, watu wanashushwa saa nane, saa tisa usiku, na lodji za stendi zimekuwa za lazima. Kwa kazi hiyo zinafaa. Chagua iliyo ndani ya mita mia chache kutoka stendi, yenye mlinzi na taa njiani, na ulipie usiku mmoja tu. Usimfuate kijana anayekuvuta begi. Kamisheni yake inaongezwa kwenye bei yako. Uliza pia saa ya kutoka. Kawaida ni saa nne asubuhi, hata kama umeingia saa tisa usiku, na ni haki yako kuomba uongezewe hadi saa sita kabla hujatoa pesa.

Wanaokwenda Geita na Sengerema hawalazimiki tena kulala hapa kwa kuhofia foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na ukifika Nyegezi mchana unaweza kuunganisha ukalale kwenu. Pesa ya chumba inabaki mfukoni.

Ya tano: ufukweni

Wengi wanaokuja kutembea wanataka kuamka wakiona maji. Kuna nyumba za wageni za bei ya wastani upande wa Luchelele na Malimbe karibu na chuo cha SAUT, Bwiru, na Igombe kaskazini ya uwanja wa ndege. Asubuhi zake ni nzuri kweli: mitumbwi inarudi na dagaa, mawe yamekaa juu ya mawe kana kwamba yatabingirika, na upepo ni safi. Kwa wanandoa wa siku mbili wasio na haraka, nendeni.

Nimeziweka chini kwa sababu mbili. Kwanza, jioni daladala hupungua na mtategemea bodaboda kwa kila kitu, pamoja na chakula. Pili ni maji. Baadhi ya nyumba za ufukweni huvuta maji ya ziwa moja kwa moja. Ziwa hili lina kichocho, hasa kwenye kina kifupi chenye majani na konokono, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi. Maji yaliyotulia kwenye tanki lisilo na konokono kwa siku mbili hayaambukizi tena, lakini yaliyovutwa asubuhi hii na kuletwa bafuni asubuhi hii si salama. Muulizeni mhudumu maji yanatoka wapi na yanakaa muda gani. Watoto wasicheze kwenye matete hata wenyeji wakiwaambia hakuna tatizo. Anayetaka kulifurahia ziwa bila kuloana apande boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iliyo karibu mno na mji. Mtaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Ya sita: chumba cha apatimenti kwa siku

Familia ya watu watano itapata nafuu kwa nyumba yenye vyumba viwili na jiko, hasa Pasiansi na Nyakato. Kwa mtu mmoja au wawili sipendekezi: hakuna mapokezi, hakuna chai, na maji yakikatika unampigia simu mtu aliye mbali. Picha za mtandaoni huwa za siku ilipopakwa rangi. Omba video ya moja kwa moja kwa simu, mwambie afungue bomba ukitazama. Ukituma amana, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha; likiwa tofauti na la mtu unayeongea naye, simamisha hapo hapo mpaka upate maelezo ya kueleweka. Kutumia "Lipa Namba" yenye jina la biashara ni salama zaidi kuliko namba ya mtu binafsi.

Ya mwisho: gesti za baa

Gesti iliyo nyuma ya baa, au ile inayokodisha vyumba kwa saa, iache hata kama ni nusu bei. Utaitambua kwa bei mbili ukutani, ya kulala na ya kupumzika, na kwa daftari la wageni lisiloandikwa. Shuka zinabadilishwa haraka haraka, milango inagongwa usiku kucha, na muziki hauzimwi. Daftari lina maana yake: nyumba inayokuandika jina, utokako, uendako na namba ya kitambulisho ina dalili ya kuwa imesajiliwa, na likitokea la kutokea kuna kumbukumbu kwamba ulikuwepo. Beba kitambulisho chako cha NIDA, na risiti idai.

Siku za kujaa

Tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu mwaka 2024, Simba au Yanga wakija kucheza CCM Kirumba vyumba vya Kirumba na katikati ya mji huisha siku mbili kabla, na vilivyobaki hupanda bei. Wiki ya Nanenane, maonyesho yanapokuwa Nyamhongolo, upande wote wa mashariki hubana. Juni, kwenye ngoma za Bulabo kule Bujora, wahi kutafuta chumba Kisesa au Igoma. Mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka huleta wazazi kutoka kila mkoa, na wiki ya Krismasi Wasukuma wa mbali wanarudi nyumbani.

Siku hizo usije bila kuwekewa chumba. Piga simu mwenyewe kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wakati waliotoka wameshatoka na mapokezi yanajua hesabu yake. Taja saa utakayofika, uliza bei ya mwisho pamoja na chai na ya watu wangapi, kisha umwombe akutumie hayo yote kwa ujumbe wa maandishi. Kama basi limechelewa, mjulishe ukiwa bado njiani, Shinyanga au Misungwi. Ukikaa kimya hadi saa nne usiku, chumba kitapewa aliyesimama pale mapokezi. Na kama umeshafika, kumejaa kila mahali na usiku umeingia, rudi kwenye lodji yoyote ya stendi yenye mlinzi, chukua kilichopo kwa usiku mmoja, shusha neti, ulale. Saa mbili asubuhi, watu wakianza kuondoka, ndipo uanze kupiga simu upya kutafuta ile ya kwanza.